Maisha Yasiyodaiwa: inZOI Ikitazamwa Kutoka Bahati

Gemu ya mpira inaahidi dakika tisini. Gemu ya vita inaahidi ushindi. Gemu ya kuiga maisha inaahidi jambo zito zaidi: kwamba utampata mtu, umpe uso na nyumba, umtafutie kazi na mwenzi, umzeeshe na hatimaye umzike, na katika safari hiyo utaona jambo la kweli kuhusu namna watu wanavyoishi. Ahadi kama hiyo haipimwi kwa uzuri wa picha pekee. Ni lazima tuulize ni maisha ya nani yaliyoigwa, na ni sehemu gani ya maisha iliyoachwa nje.

inZOI ndiyo gemu mpya iliyotoa ahadi hiyo kwa sauti kubwa katika miaka ya karibuni. Imeundwa na Krafton, kampuni ya Korea Kusini inayojulikana kwa gemu ya mapigano ya PUBG. Ilianza kuuzwa tarehe 28 Machi 2025 ikiwa toleo la awali, yaani mnunuzi anahamia huku mafundi wakiwa bado kwenye paa. Ndani ya wiki moja nakala milioni moja zilikuwa zimenunuliwa.

Naitazama nikiwa Bahati, kaskazini-mashariki mwa jiji la Nakuru, kwenye barabara inayopanda kuelekea Nyahururu. Huku mahindi, viazi na maziwa ndivyo vinavyolipa karo. Waundaji wa inZOI hawakuwa wakiifikiria Bahati walipokuwa wakiandika programu yao, na siwalaumu kwa hilo. Lakini gemu inayosema inaiga maisha inafaa kupimwa na watu wa kila mahali. Hoja yangu ni hii: inZOI imeuunda mwili wa maisha kwa ustadi ambao haujapata kuonekana, ila imesahau madai yake. Tunadaiwa na jamaa, na majirani, na shamba, na mvua, na soko. Madai hayo ndiyo yanayofanya uamuzi wa mtu uwe na uzito, na pale yanapokosekana maisha hubaki kuwa maonyesho.

Ukoo inakotoka

inZOI haikuzuka peke yake. Mwaka 1985 kampuni ya Activision ilikuwa tayari imetoa Little Computer People, ambamo mtu mdogo aliishi ndani ya nyumba kwenye skrini na kufanya shughuli zake. Aliyeipa aina hii ya gemu nguvu ni Mmarekani Will Wright, ambaye mwaka 1989 alikuwa ametoa SimCity, gemu ya kujenga miji. Mwaka 1991 nyumba yake iliteketea katika moto mkubwa uliokumba vilima vya Oakland, California. Kazi ya kuanza upya, ya kuwaza ni kifaa kipi kinunuliwe kwanza na kwa nini, ilimwelekeza kwenye wazo la gemu kuhusu nyumba na mahitaji ya waliomo. Gemu hiyo, The Sims, ilitoka Februari 2000. Kwa jumla matoleo yake yameuza karibu nakala milioni 200.

Kwa miaka mingi The Sims haikuwa na mshindani wa kweli. Toleo lake la nne lilitoka mwaka 2014, na tangu Oktoba 2022 gemu ya msingi ni ya bure, lakini vifurushi vya nyongeza vikijumlishwa vyote vinazidi dola 1,000. Wachezaji walichoka kulipia mvua mfuko huu, wanyama mfuko ule. Kampuni ya Paradox ilijaribu kuingia na Life by You, ikaifuta mnamo Juni 2024 kabla haijafika sokoni. Kwa hiyo inZOI ilikuta njaa ikiwa imeshaiva. Sehemu ya shangwe iliyoipokea ilikuwa yake kwa haki, na sehemu nyingine ilikuwa hasira dhidi ya mkongwe. Mchambuzi asipotenganisha mambo hayo mawili atasifu pasipostahili.

Palipo na nguvu

Nguvu ya kwanza ni uso. Anza kumtengeneza mwanamke wa makamo, wa aina unayeweza kukutana naye asubuhi akipeleka maziwa. Unashika shavu lenyewe kwenye skrini na kulivuta, unapanua pua kidogo, unashusha kope, unaongeza unene wa mkono na wa kiuno. Ngozi haikulazimishi kuchagua kati ya vijisanduku vichache. Unatafuta rangi unayoitaka hadi uipate, na mwanga wa dirishani ukimwangukia unaona hudhurungi yenye uhai, si kijivu cha picha iliyofifia. Kwa sisi jambo hili si dogo. The Sims 4 iliuzwa kwa miaka sita ikiwa na rangi chache na duni za watu weusi, hadi wachezaji walipolalamika vya kutosha na mnamo Desemba 2020 rangi zaidi ya 100 za ngozi zikaongezwa. inZOI imeanzia mahali ambapo mwenzake alifikishwa kwa kusukumwa.

Ukishamaliza uso, kabati la nguo linakukumbusha uko wapi. Mavazi ni ya Seoul na ya California. Mwanamke wako atavaa koti la ofisini au suruali ya mazoezi; leso ya kujifunga kiunoni, sweta ya kusuka na gambuti za kuingilia zizini hatazipata.

Nguvu ya pili ni mji usio na vizuizi. Katika The Sims 4 kutoka nyumba moja kwenda nyingine ni kusubiri skrini ijipange upya. Katika inZOI mhusika, ambaye huitwa Zoi, anafungua mlango, anashuka barabarani, anaingia garini na kuendesha hadi upande wa pili wa mji huku watu wakiendelea na shughuli zao. Dowon umechukua sura ya Seoul, na Bliss Bay umechukua sura ya pwani ya California. Programu iliyoibeba, Unreal Engine 5, inafanya kazi nzito na matunda yake yanaonekana: mvua inalowesha lami, taa za maduka zinamulika kwenye madimbwi. Mchezaji anaweza hata kubadilisha hali ya hewa ya mji mzima apendavyo.

Nguvu ya tatu ni vifaa vya kuumbia, na hapa ndipo inZOI ilipowatangulia wote. Kuna kifaa kinachogeuza picha kuwa umbo la pande zote. Chukua picha ya jiko la makaa, lile la bati kwa nje na udongo kwa ndani, uiingize. Baada ya muda mfupi jiko linatokea katika chumba cha Zoi wako, kingo zake zikiwa zimeyeyuka kidogo lakini likitambulika bila shaka. Kuna kifaa kingine kinachochora mapambo ya kitambaa kwa kuelezwa kwa maneno, na kingine kinachochukua mwendo wa mtu kutoka kwenye video na kumpa Zoi. Kampuni inasema akili unde inayoendesha vifaa hivyo ilifunzwa kwa mali yake yenyewe na kwa kazi zisizo na hakimiliki ya mtu, na hilo ni jibu la heshima kwa wasanii wenye hofu. Kwa hiyo pengo la leso na gambuti lina njia ya kuzibwa na mchezaji mwenyewe, angalau kwa rangi na umbo, kisha akawagawia wenzake duniani alichokiunda.

Nguvu ya nne ni uungwana wa biashara. Krafton iliahidi kwamba masasisho na nyongeza zote zitakuwa za bure hadi gemu itakapokamilika, na ikatangaza mapema ratiba ya yale yanayokuja. Mnamo Agosti 2025 iliongeza Cahaya, eneo la visiwa lenye sura ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambako Zoi anaweza kulima na kuvua samaki, bila kudai senti zaidi.

Palipolegea

Ulegevu wa kwanza umejificha ndani ya nguvu ileile. Jiko tulilolipiga picha ni pambo. Haliwashiki, haliivishi sufuria ya githeri, halijazi chumba moshi. Lina sura ya jiko bila kazi ya jiko. Mengi ndani ya inZOI yako hivyo. Zoi anaondoka asubuhi kwenda kazini na katika kazi nyingi hatuoni anachokifanya; jioni anarudi na mshahara. Orodha ya maneno anayoweza kumwambia mwenzake ni ndefu mno, lakini ukimwambia hili au lile, miitikio inafanana na uhusiano unapanda tu. Urafiki hupatikana upesi, ndoa upesi, na hakuna anayekumbuka kwa uchungu wa kudumu kwamba ulimkosea. Wahakiki wengi walilisema hili tangu mwanzo, na wachezaji wakalisema kwa miguu: siku ya kutolewa zaidi ya watu 87,000 walikuwa ndani ya gemu kwa wakati mmoja kupitia duka la Steam, na miezi michache baadaye idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi elfu chache.

Ulegevu wa pili ni akili iliyoahidiwa. Krafton ilishirikiana na kampuni ya NVIDIA kuunda Zoi mwerevu, anayeendeshwa na modeli ndogo ya lugha inayofanya kazi ndani ya kompyuta ya mchezaji mwenyewe. Unaweza kuandika tabia yake kwa maneno yako, ukasoma anachokiwaza, na siku inapoisha anaitafakari siku yake na kupanga kesho. Wazo hili ni zuri, na kuiweka modeli ndani ya kompyuta badala ya kutuma kila kitu kwenye mtandao ni uamuzi wa busara. Lakini mawazo hayo hayana cha kugusa. Zoi anaweza kuwaza kwamba anataka kuwasaidia watu, akaenda kumpa mtu chakula barabarani, kisha mambo yakaishia hapo. Mwenye njaa hana historia, mtoaji hapungukiwi na kitu cha maana, na kesho hakuna atakayemkumbuka mwenzake. Akili bila mambo ya kuifikirisha haiwezi kukomaa.

Ulegevu wa tatu ni mfumo wa karma. Kila tendo jema au baya linaongeza au kupunguza alama za Zoi, anayekufa akiwa na alama mbaya anakuwa mzimu, na mji uliojaa mabaya unabadilika sura. Waundaji wanastahili pongezi kwa kutaka maadili yawe na matokeo. Tatizo ni kwamba alama si deni. Alama humhusu mtenda peke yake. Deni linahusu watu wawili. Ukimtukana jirani hapa Bahati, hulipi kwa kutabasamu mbele ya watu kumi wengine mjini Nakuru. Utalipa kwa jirani yuleyule, au kwa mamaye, au siku utakapohitaji mtu wa kushika upande wa pili wa jeneza. inZOI inahesabu wema kama maji ya tangi: popote ulipoyateka, yanajaza tangi lilelile.

Kuhusu hitilafu nitasema kidogo, kwa sababu toleo la awali hutarajiwa kuwa nazo. Iliyosikika zaidi ni ile iliyowawezesha wachezaji kugonga watoto kwa magari. Msimamizi wa gemu, Hyungjun Kim, aliomba radhi na ikarekebishwa kwa haraka. Timu inayosikia na kujibu hivyo inastahili kusubiriwa.

Bei ya kuingia

Gemu yenyewe iliuzwa dola 39.99, takriban shilingi 5,200 za Kenya. Kulipa si tatizo tena: tangu mwaka 2022 M-Pesa GlobalPay inampa mtu kadi ya Visa ya ndani ya simu, na kijana wa Bahati ananunua kutoka maduka ya mtandaoni ya ng'ambo bila kuingia benki. Kikwazo ni kompyuta. Kwa uchache inZOI inataka kadi ya picha ya kiwango cha RTX 2060, kumbukumbu ya GB 12 na nafasi ya GB 40. Kwa kiwango inachopendekeza yenyewe, inataka RTX 3070 na kumbukumbu ya GB 16. Mashine kamili ya kiwango hicho iko katika bei ya ng'ombe mzuri wa maziwa wa gredi, na ng'ombe hutoa maziwa asubuhi na jioni. Kisha kuna kupakua GB 40 kwa bando, na kuna stima inayopotea mvua ikinyesha, ikizima kompyuta ya mezani kabla hujahifadhi ulipofika.

Tuna njia yetu ya kuzunguka bei kama hizi: mabanda ya PlayStation, ambako vijana hulipia mechi moja moja. Njia hiyo ndiyo iliyoifanya gemu ya mpira kuwa gemu ya taifa. Kwa gemu ya kuiga maisha haifai. Mechi inaisha na kiti kinampokea mwingine. Maisha ya Zoi yanataka saa nyingi mfululizo na kumbukumbu yako mwenyewe utakayoirudia kesho. Kwa sababu hiyo aina hii ya gemu imebaki kuwa ya mwenye kompyuta yake, chumba chake na jioni zake, na kwetu hao ni wachache. Wengi wakiigusa kabisa, wanaigusa kwenye simu. Huko kuna BitLife, iliyoanza mwaka 2018, ambayo ni maandishi matupu: kila unapobofya unazeeka mwaka mmoja na kuletewa uamuzi wa kufanya. Kuna pia Stardew Valley ya mwaka 2016, iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, na kuuza zaidi ya nakala milioni 41 kufikia mwisho wa 2024. Hizi mbili zinaingia kwenye simu ya kawaida, nazo zinathibitisha kwamba mvuto wa gemu ya maisha hautoki kwenye kadi ya picha. Watu wamekesha na picha za nukta ndogo kwa sababu kila siku ya kijiji cha Stardew inawataka wafanye jambo kabla jua halijazama.

Mtihani wa shamba

Niwe wazi kuhusu ninachokiita madai, kwa mfano wa kiazi. Mkulima wa Dundori, hapa jirani, anapanda viazi mvua ya masika ikianza. Amenunua mbegu na mbolea kwa fedha ambazo nusu yake si zake. Mvua ikichelewa wiki mbili, hesabu inavurugika. Ikizidi, ugonjwa wa baka unaingia. Akivuna vizuri, wenzake nao wamevuna vizuri, na bei inaanguka wiki hiyohiyo. Dalali anakuja na lori na kutaka gunia lijazwe lumbesa, kilima kikiwa juu ya mdomo wa gunia, ingawa sheria inataka gunia la kilo 50. Akikataa, viazi vinaota kwenye banda. Akikubali, karo haitoshi. Kila hatua ya mkulima huyu imeshikwa na mtu au kitu kinachomdai.

Linganisha na shamba la kwenye skrini. Katika Stardew Valley, ambayo naipenda, bei ya zao haishuki hata ukiuza ghala zima siku moja. Katika inZOI kilimo cha Cahaya ni burudani ya likizo kando ya maji. Hakuna ubaya katika kupumzika. Lakini gemu inayojitangaza kuwa maisha ikilifanya shamba kuwa burudani, imeiacha nje riziki ya sehemu kubwa ya wanadamu.

Chukua pia ardhi. Bahati ya leo ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi wazungu, na baada ya uhuru wa 1963 ikagawanywa kupitia skimu za makazi na kampuni za kununua mashamba. Babu alipata ekari zake, wanawe wakagawana, wajukuu wanatazama robo ekari na kuuliza nani ajenge na nani aende. Katiba ya 2010 inamtambua binti sawa na mwana katika urithi, na kikao cha familia ambamo hilo linajadiliwa kina mvutano mkubwa kuliko tamthilia yoyote. inZOI ina mti wa ukoo unaopendeza, wenye picha za waliotangulia. Mti huo hauna udongo. Zoi anarithi sura ya babu yake, lakini hakuna kipande cha ardhi kinachowalazimu ndugu kukaa meza moja.

Halafu kuna chama. Watu kumi wanakubaliana kutoa shilingi 500 kila wiki. Anayefikiwa na zamu anapokea 5,000. Ananunua mabati, au analipa deni la hospitali. Wiki inayofuata anatakiwa kutoa tena, ameshakula zamu yake, na hakuna kinachomzuia kutoroka isipokuwa jina lake. Mbunifu wa gemu akikitazama chama ataona kila anachokitafuta: zamu, akiba, hatari, uaminifu unaojengwa polepole na kuvunjika kwa siku moja. Harambee ni vilevile: kiasi ulichotoa kwa msiba wa jirani kimeandikwa daftarini, na daftari hilo litasomwa siku ya msiba wako. Hizi ni kanuni zilizo tayari, zenye hesabu inayoeleweka, na kompyuta huzipenda kanuni za namna hiyo. Ni rahisi kuziandika kuliko kuchora mvua juu ya lami.

Pingamizi linalostahili jibu

Msomaji atasema: mtu ametoka kudaiwa mchana kutwa, jioni anataka mahali asipodaiwa. Pingamizi hili ni la haki, na linaeleza kwa nini wengi wanafurahia kupamba nyumba za Zoi bila kutaka zaidi. Nyumba nzuri ambayo huwezi kuijenga ni faraja halali.

Hata hivyo, ushahidi wa aina hii ya gemu unaelekea upande wa pili. The Sims ya mwaka 2000 ilikuwa na bili ambazo usipolipa mtu anakuja kuchukua vitu vyako. Ilikuwa na moto unaoanzia jikoni kwa asiyejua kupika. Zaidi ya yote, ili mhusika apandishwe cheo kazini alihitaji idadi fulani ya marafiki wa familia, na urafiki ulififia usipoutunza. Picha zake zilikuwa duni, lakini kila jioni ilikuwa na uamuzi mgumu: nilale, au nimpigie rafiki ninayekaribia kumpoteza? Gemu ile iliwashika watu kwa sababu iliwanyima vitu. inZOI inawapa vyote, na baada ya wiki chache wengi hawana cha kurudia.

Madai si adhabu. Faraja ya mwisho wa siku inatokana na kuyatimiza: karo imelipwa, chama kimepokea chake, ng'ombe amekamuliwa. Gemu inayomwondolea mchezaji mzigo wote inamwondolea pia nafasi ya kuutua.

Wazazi na watoto

Mzazi wa Bahati anaposikia neno gemu hufikiria mambo mawili: muda unaopotea na kamari. Kuhusu kamari, inZOI haimtaki mtoto aweke dau. Ni bidhaa inayonunuliwa mara moja, mbali kabisa na michezo ya bahati nasibu ya simu ambayo imewafilisi vijana wetu hadi serikali ikasimamisha matangazo yake kwa siku 30 kuanzia mwisho wa Aprili 2025. Mzazi asiziweke katika kapu moja.

Kuhusu muda, utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2021 ulitumia rekodi halisi za saa za kucheza, zikiwemo za wachezaji wa Animal Crossing, gemu ya maisha ya kisiwani. Ulionyesha uhusiano mdogo wa kheri kati ya saa za kucheza na kujisikia vizuri, bila kudai kwamba kucheza ndiko kunakoleta kheri hiyo. Kwa hiyo hofu isiyo na kipimo haina msingi. Swali bora kwa mzazi ni mtoto anafundishwa nini kuhusu kuishi. Akikaa na inZOI atajifunza ubunifu wa kweli: kupanga chumba, kubuni vazi, kuunda umbo kutoka kwenye picha, na hizo ni stadi zenye ajira. Atajifunza pia, kimyakimya, kwamba kipato ni cha mtu mmoja na nyumba yake, na kwamba wengine wapo ili kuongeza au kupunguza alama zake. Somo hilo linahitaji mkubwa wa kulisahihisha.

Nani aiandike iliyobaki

Kenya haijakosa watu wa kazi hii. Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya pande tatu iliyoundwa wakati nyenzo zilikuwa haba, na baadaye akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana katika kampuni ya Leti Arts. Mwaka 2012 Planet Rackus ilitoa Ma3Racer, na simu za kawaida zikabeba matatu ya Nairobi inayokimbia kukwepa watu. Mwaka 2015 Black Division Games ilitoa Nairobi X. Nyingi zilichagua mbio na mapigano, kwa sababu mbio na mapigano hugharimu watu wachache na muda mfupi. Gemu ya maisha inataka timu kubwa na miaka, lakini mfano wa BitLife unaonyesha njia nyingine: maandishi, maamuzi na kanuni nzuri. Gemu ya simu, kwa Kiswahili, kuhusu robo ekari, chama na dalali wa viazi, inaweza kuandikwa na watu watatu wanaozijua kanuni hizo kwa sababu wamekulia ndani yake. inZOI haina Kiswahili katika lugha zake, na hilo peke yake ni nafasi iliyo wazi kwa mwingine.

Krafton nayo imefungua mlango. Mwaka 2025 ilitoa vifaa vinavyowawezesha wachezaji kuibadilisha gemu kutoka ndani. Kijana wa Nakuru mwenye kompyuta inayoweza kuibeba anaweza kuanza na leso na gambuti, kisha akajaribu lililo gumu, yaani kumfanya jirani adai.

Uamuzi wangu

Kwa anayependa kuumba sura, nyumba na mitindo, na mwenye mashine ya kuibeba, inZOI ni chombo bora kuliko vyote vilivyopo, na bei yake ni ya haki kwa vile masasisho ni ya bure hadi itakapokamilika. Kwa anayetaka maisha yenyewe, yenye hadithi zinazojiandika kwa kugongana kwa watu, asubiri. Kwa sasa The Sims 4 ya msingi ni ya bure, na Stardew Valley inaingia mfukoni. Kwa anayetaka kukopa ili anunue kompyuta ya kuichezea, nasema asithubutu.

Kwa waundaji nina ombi moja. Mji umeshapendeza vya kutosha, na nyuso zimeshafanana na watu. Kabla ya kuongeza mji mwingine, mpeni kila Zoi mtu mmoja anayemtegemea na kitu kimoja asichoweza kukipata bila wengine. Acheni mvua isitii amri ya mchezaji. Acheni bei ishuke siku wote wamevuna. Mfanyeni jirani akumbuke. Hayo yakiingia, inZOI itakuwa gemu ambayo hata mkulima wa Dundori ataitazama na kusema kwamba walioitengeneza wameyajua maisha.